Aliyekaa Karibu Yangu Kanisani

Ngoie, mujukuu wangu,

Pokea salamu za huku Kamina. Sisi tuko bazima. Mama yako iko anaanika muhogo, na mujomba wako amerudi toka Bukama na samaki.

Unaniuliza niliwezaje kuendelea kusali wakati kila muntu alinishuku. Bwana yangu, kambo yako, baba ya mama yako, alipokufa ghafula, ndugu zake walisema minyi, muke wake, njo nilimuroga. Kanisani bantu walihama benchi yangu. Nami sikumwamini yeyote; aliyenisalimia, nilijiuliza anatafuta nini. Nilienda Misa kwa sababu Mungu peke yake hakuniangalia vibaya.

Siku moja ya Mungu mama mukwe, aliyenishitaki wa kwanza, aliingia kanisani. Akaniangalia sana, kisha akakaa karibu yangu. Nikajisogeza.

"Unataka nini, mama?"

"Hata leo sijue kama ni weye," akajibu. "Lakini kusali peke yangu kumenishinda."

Nilikuwa bado namuogopa. Tukapiga magoti pamoja.

Hakuniambia hata siku moja kwamba ananiamini. Ila mpaka kufa kwake hakukaa benchi ingine.

Bikira akuchunge huko uliko.

Minyi, kambo yako