Waridi la Mbau ndani ya bidon ya njano

Jumamosi, mwezi wa kumi. Mvua ilianza tukiwa bado kwenye misa ya asubuhi, na mpaka sasa haijaamua kama inakoma au inaendelea.

Nimekaa mlangoni na simu yangu. Matope yamenifika kwenye vifundo vya miguu, kucha ni nyeusi, kitenge changu kizuri kimeharibika, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mume wangu hayupo. (Mume wangu! Bado napenda kuyaandika maneno hayo. Tulifunga ndoa mwezi wa sita, na kila nikiyaandika nasikia kama nimevaa gauni upya.) Kakule anaendesha Fuso. Anapeleka viazi na vitunguu Beni, anarudi hapa Butembo na kakao. Tangu jana barabara imefungwa kule Kalunguta, wanasema watu wenye silaha walionekana. Barabara ikifungwa, Kakule analala Beni, mtaa wa Bungulu, kwa mama yangu. Ikifunguliwa anarudi.

Mtu wa mbali akisoma hapa ataona naandika vita kama ninavyoandika mvua. Sina namna nyingine. Vita niliikuta nikiwa sijajua kusoma, na nimemaliza sekondari ikiwa ingali hapa. Nikiipa kila siku moyo wangu wote, nitampenda Kakule kwa moyo gani?

Leo nataka kuandika juu ya waridi.

Waridi lenyewe ni la mama. Liko Mbau, kwenye mlango wa kiwanja chetu, mahali nilipozaliwa, kando ya barabara ya kwenda Oicha. Mama alipewa tawi lake na mtawa aliyemfundisha kushona, zamani, kabla hajaolewa. Linafunguka na rangi ya papai lililoiva, kisha siku zinavyokwenda linapauka mpaka linakuwa jeupe kama maziwa, na kwenye mti mmoja unaona rangi zote hizo kwa pamoja. Miiba yake ni michache sana. Harufu yake inakupata kabla hujafika mlangoni. Nimetafuta picha zake kwenye simu mpaka betri ikafa, sijaona linalofanana nalo. Sijui jina lake. Nyumbani tuliliita roze ya mama, basi.

Mama aliolewa ameshika maua hayo. Mimi niliolewa nimeshika maua ya plastiki, kwa sababu Mbau tulishakimbia. Niliyashika, nilitabasamu kwenye picha, niliimba. Lakini Kakule aliniona nikiyanusa. Hebu fikiria, bibi harusi ananusa plastiki! Jioni ile ile aliniambia kwamba siku moja ataniletea yale ya kweli.

Na aliyaleta. Ni mwanaume gani mwingine angefanya hivyo?

Mara ya kwanza alikuwa kwenye msafara wa magari ya kwenda Oicha, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma. Msafara ulisimama Mbau, karibu na kwetu. Alishuka na panga, akaenda kwenye kiwanja chetu. Mwanajeshi mmoja akamfuata mbio: "Chauffeur, ozosala nini?" Ni Lingala: dereva, unafanya nini? Kakule akamjibu kwamba bibi yake, yaani mimi, anataka maua. Anasema wanajeshi walicheka mpaka mmoja akamshikia matawi ili akate vizuri.

Alikata kama mtu anayekata miti ya mihogo. Matawi manene, makavu, marefu kama mkono. Akayafunga kwa kamba juu ya mizigo, yakapigwa na jua njia nzima.

Na mimi nikayapanda kama mihogo.

Nacheka nikiandika. Nilifanya matuta, nikayalaza upande upande, nikafukia, nikangoja. Si ndivyo tunavyopanda mihogo? Kila mtoto wa kwetu anajua. Unachomeka mti, unaondoka, unarudi kuvuna. Matawi ya mama yakageuka meusi yote. Nilipoyang'oa yalivunjika mkononi kama kuni. Nililia kidogo, halafu nikapika sombe, yale majani ya mihogo, tukala.

Kabla ya safari ya pili nilisoma kwenye simu, kwa Kifaransa changu cha shule, polepole. Nikamweleza Kakule: kata tawi changa lililokwisha kutoa ua, kata chini kidogo ya jicho, ondoa majani, funga kwenye gunia lenye maji pamoja na kipande cha mgomba, usiliweke juani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Chérie, hii ni muti ao ni mutoto?" Lakini alifanya kila kitu nilichosema. Aliyaleta ndani ya kabini, miguuni pake, kama mtu aliyebeba mayai.

Nikayachomeka pale pembeni ya kiwanja, kwenye mstari wa miti, mahali penye kivuli mchana na udongo mweusi. Palikuwa na nafasi wazi kati ya mti na mti, kama vile paliningoja. Nikafunika kila tawi kwa chupa ya maji niliyoikata kitako. Mengine yakaoza. Moja likabaki kijani. Kisha likatoa jani, jekundu kwanza, dogo kama ukucha wa mtoto.

Hilo moja ndilo nililokuwa nalo. Mara ya tatu haipo: tangu mwezi wa tisa magari ya kiraia hayasimami tena Mbau. Yanapita tu.

Sasa niandike kosa langu.

Kiwanja hiki si chetu. Tunapanga vyumba viwili kwa mama bailleur, yaani mwenye nyumba wetu, mjane mwenye sauti ya padri wa misa ya Pasaka, anayeishi kwenye nyumba kubwa upande wa juu. Tulipoingia alituruhusu kulima kipande cha nyuma. Na kwetu kila mtu anajua sheria yake: mpangaji anapanda cha kuvuna, hapandi cha kudumu. Maharagi, ndiyo. Vitunguu, ndiyo. Mgomba, kahawa, mparachichi, hapana. Aliyepanda kitu kinachobaki ameweka mkono wake kwenye ardhi, na kesho watoto wake watauonyesha ule mti. Zaidi ya hapo, mipaka yetu tunaiwekea alama kwa miti ya kudumu, tawi linalochomekwa na kushika lenyewe.

Na mimi nimechomeka matawi wapi? Kwenye mpaka. Ndani ya mstari wenyewe!

Nilizaliwa Mbau, lakini sheria ni ile ile, nayajua haya tangu utoto. Lakini machoni pangu lile halikuwa mti. Lilikuwa ua. Lilikuwa Kakule na gunia lake lenye maji.

Leo tumetoka misa, mama bailleur kashuka na mwavuli wake, kapita nyuma ya nyumba, kasimama. Nikasikia:

"Bibi ya Kakule! Kuya hapa. Hii njo nini?"

"Ni maua, mama. Roze."

"Maua naona, miye si kipofu. Nauliza hivi: inavunwa ao inabakia?"

Ningeweza kudanganya. Nilitamani sana kudanganya.

"Inabakia, mama."

"Donc basi, inabakia. Na umeiweka mu mupaka kabisa." Akaiinamia, akainua chupa yangu, akaitazama kama mtu anayetazama jino bovu. "Nilikuambia panda maharagi. Panda vitunguu. Ile mutu anavuna, anaenda nayo. Hii utaenda nayo namna gani? Kesho batoto bako batakuya hapa kuniambia: tazama muti ya mama yetu, parcelle, hii kiwanja, ni yetu."

"Mama, batoto bado hata hatuna."

"Batakuya! Vile munachekaka mu ile nyumba, batakuya tu." Hakutabasamu. "Toa leo. Jua isilale na ile kitu mu mupaka yangu."

Akapanda juu na mwavuli wake.

Nilisimama kwenye mvua. Sikumchukia. Naandika ukweli, sikuweza. Mume wake alizikwa, na shemeji zake wakaja kupima kiwanja kwa hatua kabla ya matanga kwisha, mtaa mzima unajua. Ningekuwa yeye, na mimi ningekagua kila kijiti.

Lakini tawi lile. Wote wanaosema kwenye simu wanasema jambo moja: tawi changa usiliguse, usilivute kuona kama limeshika. Ukilivuta unaliua. Nimekaa wiki nzima nzima nimefunga mikono yangu nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, ili nisilivute. Majani yanaweza kutoka kwa nguvu ya tawi lenyewe, bila mizizi, halafu yote yakafa pamoja. Sikuwa najua kama nina waridi au nina kijiti kinachojidanganya.

Nilimpigia simu mama yangu kule Bungulu. Nilitaka aniambie la kufanya. Badala yake aliuliza swali ambalo hajawahi kuniuliza tangu Kakule alete matawi.

"Kavira, ile siku bwana yako alikata, aliacha mizizi?"

"Aliacha, mama. Alikata matawi tu."

"Una hakika?"

"Kakule yuko hapo kwako, mama, mwulize."

"Nilimuuliza. Nilitaka kusikia kwako." Nikamsikia akivuta pumzi. "Kule Mbau mabati walishatoa yote. Milango walitoa. Majani imepita dirisha. Ile roze njo inabakia. Mutu akipita anasema, hapa ni kwa mama Kavira. Donc musiikate tena. Iache ikae pale."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Nililiona waridi lile kama zawadi, kama harufu, kama picha ya harusi ya mama. Mama yeye anaona mpaka. Anaona shahidi wake aliyebaki Mbau peke yake, na mimi na mume wangu tukimkata mikono kwa ajili ya mapenzi.

Mama bailleur na mama yangu hawajawahi kuonana. Wangeelewana vizuri sana.

Nilichukua bidon, yaani dumu la mafuta, ile ya njano iliyopasuka mpini. Nikaikata shingo kwa kisu cha jikoni, nikaitoboa chini kwa msumari uliopashwa moto. Nikaijaza udongo mweusi na samadi ya mbuzi wa jirani. Nikapiga magoti kwenye mpaka, katikati ya mvua, nikaanza kuchimba, mbali na tawi, kwa vidole, sikutumia jembe. Nilimwomba Bikira Maria. Nilimwomba pia Kakule, ambaye hakuwepo. Bibi wa jirani alisimama kwenye dirisha lake akiniangalia, bila shaka alidhani nazika kitu.

Udongo uliolowa ulitoka mzima, kama mkate.

Na chini yake kulikuwa na mizizi.

Myeupe, myembamba kama nyuzi za kwenye gunzi la mahindi mabichi, imetoka pande zote na kushika udongo wa mama bailleur kwa nguvu zake zote. Nilipiga kelele. Bibi wa jirani alifunga dirisha.

Kama mama bailleur asingenifukuza pale mpakani, nisingeiona. Ningekaa miezi mingine nimefunga mikono nyuma, bila kujua.

Naendelea usiku, kwa sababu niliacha kuandika: alasiri barabara ilifunguliwa, na Fuso likaja. Kakule alinikuta hapa hapa mlangoni. Alitazama bidon, akatazama mikono yangu, akachuchumaa mbele yake bila hata kuvua viatu. Nikamweleza mizizi. Nikamweleza tena. Macho yakanijaa.

"Unalia juu ya mizizi?" akasema. "Chérie, siku mutoto atazaliwa utafanya je?"

Akanifuta matope kwenye shavu kwa mkono wenye harufu ya kakao na dizeli. Nakuambia, shajara, sitakaa nizoee.

Jua likiwa karibu kuzama, nasema jua ingawa hatukuliona, mama bailleur akashuka tena kukagua. Alienda kwenye mpaka kwanza, akaona shimo limefukiwa. Kisha akaja mlangoni. Akaigonga bidon kwa ncha ya mwavuli.

"Sasa iko mugeni," akasema. "Mugeni hana matata." Akageuka aende, halafu akarudi. "Inatoa rangi gani?"

Nikamwambia. Papai, kisha maziwa.

"Ikikomaa utanikatia kamoja. Miye nitaweka mu udongo."

Nilisema ndiyo, mama. Kakule aliniminya mkono kwa siri ili nisicheke. Lakini alipoondoka, kicheko hakikuja. Yeye ataliweka udongoni. La mama liko udongoni, na hakuna anayelinusa. Langu liko kwenye bidon, mlangoni, na jani moja limelegea tangu nilipolihamisha. Sijui kama litaamka.

Kakule anasema wiki ijayo anapita Mbau, msafara ukiruhusiwa, na kama ukipunguza mwendo anaweza kuruka akakata lingine, ikiwa hili litakufa. Nilimwambia hapana. Lile asiliguse tena. Apunge mkono tu akipita, aniambie kama bado liko.

Sasa ameibeba bidon mikononi na ananiuliza aiweke upande gani wa mlango, kushoto au kulia. Inapendeza kuwa na kitu unachoweza kukihamisha, sivyo? Bado najiuliza kama ninaamini hivyo.

Nimemwambia aiweke chini kwa leo. Asubuhi, mvua ikituachia, nitatoka nione jua linaanzia upande gani.