Visiki Vitano Visivyo na Alama

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Ile mininga kumi na mmoja uliyoichagua kabla hujalazwa imeshakatwa. Mnunuzi ameipeleka Kahama. Jana nimezunguka na mkaguzi kuangalia visiki, na vitano havina alama. Vitano, Baba! Nimevipangusa kwa kanga, nimekwangua udongo kwa kucha, hakuna kitu.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Rangi kifuani mwa mti, kisha unainama na kugonga nyundo ya kijiji chini kabisa ya shina. "Ya juu ni ya mkataji, mayu, mama yangu. Ya chini ni ya mkaguzi." Gogo likiondoka na rangi yake, kisiki kinabaki kuonyesha kwamba tuliruhusu. Sasa kwenye kamati ya msitu ya kijiji wanasema hiyo mitano ulimpa mnunuzi kinyemela. Wanasema wakiniangalia usoni.

Siku nyingine sijui hata hizi alama zinatusaidia nini. Tunatembea siku tatu kuchagua miti iliyokomaa na kuacha ya mbegu, halafu wanaotafuta matimba ya kuegemeza mashimo ya dhahabu huko Geita wanafuata rangi yetu na kutuwahi. Ni kama tumewaonyesha kwa kidole. Lakini wenzetu wa kilima cha pili hawakuwahi kuweka alama, na leo hawana mninga hata wa kuchonga mwiko. Nashindwa kujua nishike lipi.

Na wewe pia nashindwa kukujua. Siku ile ya kuweka alama, ikiwa imebaki miti mitano, ulinirudisha nyumbani nikapike. Kwa nini? Asubuhi ya siku hiyo hiyo nyundo ilikuponyoka ikaangukia miguuni pako, ukasimama tu, ukaniambia nikuokotee. Nilicheka. Nikakuita bwana mkubwa. Jioni ulivua viatu bila kufungua kamba, na wiki iliyofuata tukakupeleka hospitali kwa ajili ya mgongo.

Hivi ulikuwa huwezi kuinama, Baba? Au ndivyo ninavyotaka iwe? Nakukasirikia, halafu naona aibu.

Nyundo ninayo mimi. Leo asubuhi niliichukua, nikapiga magoti kwenye kisiki cha kwanza. Hakuna aliyekuwa ananiona. Mapigo matano tu na jina lako lingesafishika. Mkono ulikataa. Ungekuwa hai, ungeninyang'anya hiyo nyundo.

Kesho kuna mkutano. Sitasema kwamba hukuiba, kwa sababu sikuwepo. Nitasema nilichokiona: nyundo ilianguka, hukuinama, nami nikacheka. Waamue wenyewe.

Kwaheri, Baba yangu. Pumzika, mgongo wako hauna kazi tena. Msimu ujao nitagonga chini kwanza, rangi itafuata. Na siku nikishindwa kuinama, nakuahidi, nitasema.

Mwanao,
Kabula