Nafaka za Rangi Ulizowatumia Watoto

Nkwenda,
Karagwe.
23 Julai 1991.

Mpendwa mdogo wangu Placidius,

Dada yako Kokushubira nakusalimu. Hujambo huko Amerika? Baridi haikusumbui? Sisi tunapumua. Mama anaumwa magoti, lakini migomba anapalilia mwenyewe, hataki kusikia la mtu. Kahawa imezaa vizuri, tunachuma.

Mzigo wako umefika. Rafiki yako Polikarpi aliuleta Jumapili ile, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani. Mkeo Celestina alimpokea kwa vigelegele, akakimbilia jikoni kuweka ndizi.

Tulipofungua boksi, Mama aliona vile vipande laini vya sukari, vyekundu na vya kijani, vimechanganyika na nafaka kavu, akadhani ni dawa ya minyoo. Tulicheka sana. Polikarpi akatueleza kuwa huko ndicho chakula cha watoto cha asubuhi. Wanamimina maziwa tu, hawapiki.

Celestina akaleta maziwa. Yalipogeuka rangi, mwanao Mutalemwa alipiga kelele kwa furaha, mdomo umejaa. Ndipo Polikarpi, bila nia mbaya, akasema, "Hata wale mapacha wake wa kule hawataki kingine asubuhi. Mama yao amechoka kuwakatalia."

Celestina akauliza, chupa ya maziwa ikiwa bado mkononi, "Mapacha wa nani, shemeji?"

Polikarpi akainama. "Nisamehe, shemeji. Nilidhani mlishaambiwa."

Celestina hakulia. Alimmiminia binti yako Kokuberwa naye maziwa, akamfuta mdomo, kisha akaingia ndani. Kesho yake asubuhi aliwachukua wanao wote wawili akaenda kwao Ihanda.

Placidius, tangu uondoke mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia mwanamke huyu avumilie. Alipokata tamaa nilimwambia, "Ndugu yangu namjua, atarudi." Kumbe nilikuwa nakusaidia kumdanganya, na mimi mwenyewe sijui! Nimenyonya ziwa moja na wewe, ukaniona sistahili hata kuambiwa. Mama ananiuliza kama hao mapacha wanajua jina lake. Nimjibu nini?

Jumamosi Mama alibebwa kwa baiskeli mpaka Ihanda. Mbele ya kaka zake Celestina, Mama alisema, "Sikuja kumwombea mwanangu msamaha. Nimekuja kumchukua binti yangu." Celestina alilia siku hiyo, akarudi naye.

Baba mdogo Rwegoshora na wazee wa ukoo wamekaa. Kibanja chako, migomba na kahawa yote, sasa ni cha Mutalemwa, na mama yake atakitunza hadi akue. Hakuna aliyekutetea. Nami nilikuwepo.

Ukiwa na neno kwa Celestina, njoo umwambie mwenyewe, uso kwa uso. Kupitia kwangu, basi.

Baba mdogo na shangazi Immaculata wanakusalimu. Celestina hakunituma salamu, nami sikumwomba. Hao mapacha wasalimie, wao hawana kosa. Waambie bibi yao anaitwa Placidia, na Mungu awakuze.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ingawa moyo unauma,
Kokushubira.