Inchi Mbili za Bure

Edmundston, New Brunswick
Jumapili, 11 Juni 2023

Mpendwa Mjomba Gaétan,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na moshi wa misitu inayoungua huko Alberta umepungua kidogo. Mgongo wako vipi? Mama anasema ukikaa kwenye lile lori la mgodini zamu nzima unashuka kama mzee wa miaka themanini. Na Mkaza-mjomba Denise je, kifua chake kimepona?

Sisi huku wazima. Bibi magoti yanamsumbua lakini bado anapiga deki mwenyewe na ukishika dekio anakufukuza nalo. Baba yuko zamu ya usiku kiwandani, kwa hiyo tunakula naye asubuhi tu, yeye akikiita chakula cha jioni. Mto umeshuka, mbu wamepanda.

Nimemwomba Mama asikwambie matokeo ya uteuzi wa wachezaji wa hoki kwenye simu. Amekubali kwa shida, unamjua dada yako. Nilitaka nikwambie mwenyewe, ila mimi na simu hatuelewani, nikiishika naganda. Karatasi hainitazami usoni. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Mjomba, Kifaransa na Kiingereza, na walimu wa lugha zote mbili wameandika jambo lile lile kwenye ripoti yangu: hazungumzi.

Msimu huu wote nimeishi na neno moja, na neno lenyewe ni "lakini". Wale wazee wanaokunywa kahawa nyuma ya goli pale uwanjani, ambao hawajui kwamba sauti inapita juu ya kile kioo kinachozunguka barafu, nimewasikia wiki baada ya wiki. "Ana miguu huyu mtoto wa Normand, lakini mdogo." "Anaona uwanja wote, lakini mdogo." Hata padri, baada ya misa ya Pasaka, alinishika kichwa akasema anasikia nafunga magoli, lakini bado sijarefuka. Kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Wapinzani wetu hawana haja ya "lakini". Wananiita Kizibo. "Oya, Kizibo, nani kakusahau uwanjani? Kamtafute mama yako jukwaani, atakufunga kamba za viatu!" Nikifunga goli hawanyamazi, wanacheka zaidi.

Rafiki yangu Jérémie Bossé, yule mlinzi wa timu yetu, unamkumbuka? Krismasi ile ulimkuta amelala sebuleni miguu imevuka kochi. Sasa ni futi sita na inchi nne. Wasaka vipaji wa ligi ya vijana wanamwangalia kama watu wanavyoangalia nyumba mpya. Yeye mwenyewe kabla ya kila mechi anatapika kwa woga, lakini hilo haliko kwenye vipimo.

Sasa nikuungamie, maana kuna jambo sijamwambia mtu. Nilikuwa nakuchukia kidogo. Si wewe hasa, ni kile kistari chako cha penseli. Pale kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, ambapo Bibi alikupima ulipokuwa na miaka kumi na sita kama mimi sasa, kistari chako kiko juu kabisa kama mtu aliyepanda paa. Changu kiko chini ya swichi ya taa, basi nimetia chumvi, juu yake kidogo. Kila nikienda friji nakiona. Nilining'inia kwenye boriti ya ghala la chini mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikunywa maziwa mpaka Mama akauliza kama tuna ng'ombe anayenyonyesha. Nilinenepa tu, miguu ikawa mizito, nikaacha.

Ndipo mwezi wa nne, katikati ya yale matope ya theluji inayoyeyuka, kocha akatupigia simu. Msaka vipaji wa timu moja ya ligi ya vijana anataka kuja nyumbani, Bwana Fernand Pinette. Unajua hawa watu wakija nyumbani wanakuja kufanya nini. Hawaji kumtazama mtoto, wanamjua tayari. Wanakuja kuwatazama wazazi. Mtoto wa miaka kumi na sita bado anaweza kuota, kwa hiyo wanataka kuona ameota kutoka mbegu gani.

Na wewe unawajua Mama na Baba. Wakisimama pamoja kwenye picha, mpiga picha anawaomba wasimame.

Kwa hiyo ikaundwa mbinu. Mimi sikuulizwa, lakini siwezi kusema sikujua. Kwanza picha yako, ile kubwa ya sare ya timu, ambayo Bibi anaiweka chumbani kwake karibu na Bikira Maria, ikahamishiwa juu ya friji ili ionekane na mtu akiketi tu. Pili, Mama akavaa viatu vya harusi ya binamu yake, vile vya visigino virefu. Tatu, Baba akavaa buti zake za kiwandani, zile za soli nene. Humo humo jikoni, Mjomba. Juu ya sakafu ambayo Bibi alikuwa ametoka kuipiga deki.

Bwana Pinette akaingia. Ni mzee mnene, ana masharubu ya kijivu. Akavua viatu mlangoni kama binadamu yeyote anavyovua, akaja mezani na soksi, moja kidole gumba kimechungulia. Mama akamletea kahawa: ko, ko, ko, ko. Baba akasimama kumpa mkono, buti ikalia kama trekta. Yule mzee akatazama miguu ya Mama. Akatazama miguu ya Baba. Akatazama kidole chake mwenyewe.

"Samahani, Bi Guylaine," akasema, "nimewakuta mnatoka kwenda kanisani?"

Mama akawa mwekundu mpaka masikioni. Bibi, aliyekuwa mbele ya jiko anageuza ploye, zile chapati zake nyembamba, hakugeuka hata. "Vua, Guylaine. Nimekwambia toka asubuhi. Na wewe, Normand, tutavuna viazi kwenye hiyo sakafu?"

Mama akavua, akashuka. Baba akainama kufungua kamba za buti, na zile kamba ni ndefu, Mjomba, zinazunguka kifundo mara mbili. Nilitazama kichwa cha Baba kilivyoinama chini ya meza, nywele zimepungua katikati, anahangaika na fundo kwa ajili yangu. Sijui ujasiri ulitoka wapi.

"Na mimi si futi tano na inchi nane," nikasema. "Kwenye orodha ya timu wameandika tu. Ni futi tano na inchi sita."

Ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa yule mzee. Baba akainua kichwa kutoka chini ya meza. Yeye na kocha ndio walioziandika hizo nane.

"Najua, kijana," Bwana Pinette akasema. "Kwenye orodha kila mtu ana inchi mbili za bure. Nikifungua karatasi natoa mbili kwanza, halafu ndiyo nasoma jina." Akapaka siagi na molasi kwenye ploye yake, akaikunja, akaila nusu. "Haya. Mlinzi wa kilo mia anakujia kwenye kona, umeipa uwanja mgongo. Unafanya nini?"

Nikaganda. Akadhani labda ni lugha, akaniuliza tena kwa Kiingereza. Nikaganda kwa Kiingereza pia.

"Mwonyeshe," Bibi akasema. "Huyu hasemi, anaonyesha."

Nikachukua chupa ya molasi, ndiyo mlinzi. Kichupa cha chumvi ndiyo mimi. Kikombe cha Baba ndiyo Jérémie, amesimama mbele ya goli, na goli ni sahani ya siagi. Badala ya kile kisahani cheusi tunachokipiga kwenye barafu, nikaweka kifuniko cha soda. Ukingo wa uwanja ni ule ubao wa mkate. Chumvi kidogo ikamwagika, nikaisukuma pembeni.

Nikamwonyesha kwamba sikimbii. Watu wengi wanadhani mdogo anakimbia. Mimi namngoja. Namwacha aje mpaka nisikie pumzi yake, kwa sababu mkubwa akishaegemea upande mmoja hawezi kurudi upesi, mwili wake wenyewe unambeba. Chupa ikaja, ikaegemea. Hapo nikakipiga kifuniko si mbele bali nyuma, kwenye ubao, kikagonga, kikapita nyuma ya chupa, kikafika kwenye kikombe. Kichupa cha chumvi hakijaguswa.

Bwana Pinette akasema nirudie. Nikarudia. Akashika chupa yeye mwenyewe, akaja na kasi, molasi ikamrukia kwenye shati, lakini kifuniko kikapita tena.

"Nani kakufundisha hii?"

Nikanyoosha kidole juu ya friji.

Akageuka, akakutazama. Akavaa miwani, akainuka, akaenda mpaka pale na soksi zake. "Gaétan Levesque," akasema taratibu. "Huyu? Alikuwa na pasi hii?"

"Alinifundisha hapo nyuma, kwenye barafu yetu ya uani," nikasema. "Kila Krismasi."

"Mimi ndiye niliyesema tumchukue," akasema. "Nilimtazama misimu miwili." Akavua miwani. "Sikuwahi kuiona hiyo pasi. Nilikuwa natazama mabega."

Bibi akazima jiko. Nilidhani atamfukuza na dekio. "Mlimpeleka akapigane ngumi kwenye barafu," akasema. "Karudi pua imepinda na vidole havifungi kifungo cha shati. Mtoto wangu alikuwa anapiga pasi hapo uani mpaka giza, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwuliza anajua nini kingine."

"Ni kweli, Mama," yule mzee akasema. Hakujitetea. Baadaye mlangoni, akivaa viatu, akaniambia nikusalimie, na nikwambie kwamba amekiri kwa mdomo wake. Ndiyo maana naandika barua hii, Mjomba, siyo matokeo peke yake. Salamu hizo nimezibeba toka mwezi wa nne na sikujua nizifikishe vipi.

Kuhusu mimi hakuahidi kitu. "Mezani tuko sita," akasema, "na wanne wanapenda warefu. Nitasema niliyoyaona. Usinisubiri ukiwa umening'inia kwenye boriti." Sijui alijuaje boriti. Labda wafupi wote tunafanya hivyo.

Siku ya uteuzi, timu zinapochagua vijana kwa zamu, ilikuwa jana. Tulikaa jikoni na kompyuta juu ya meza. Jérémie alichaguliwa mapema na timu nyingine, akanipigia, akawa analia na kucheka, mama yake akampokonya simu akalia yeye. Nilifurahi kwa ajili yake, naapa. Halafu raundi zikapita. Mama alikuwa anapangusa sehemu ile ile ya meza. Bibi na rozari yake. Baba, aliyetakiwa kuwa amelala kwa ajili ya zamu, amekaa wima na macho mekundu. Majina, majina, na kila kijana anayetokea kwenye skrini ni mrefu kama mlango.

Nikashindwa, nikatoka nje. Nikasimama uani pale ambapo barafu yetu huwa, unajua majani huota huko yakiwa manjano, umbo la uwanja mzima linabaki mpaka mwezi wa saba. Nikajiambia kama hawanitaki, basi nilikuwa na uwanja huu. Nilijaribu kuliamini hilo. Sikuliamini.

Mama akapiga kelele. Si neno, kelele tu. Nikakimbia na viatu mpaka ndani, matope na yote, na safari hii hakuna aliyeniambia nivue.

Jina langu lilikuwa kwenye skrini. Timu ya Bwana Pinette, raundi ya sita. Bibi hakuwa na miwani yake, akamvuta Baba mkono. "Nisomee. Nisomee yote."

Baba akasoma. "Mathéo Cyr. Edmundston. Mshambuliaji." Halafu akasogeza uso karibu na skrini, nikajua amefika wapi. "Futi tano," akasema, "inchi sita." Akatazama tena kama imeandikwa hivyo kweli. Kisha akasema tena, kwa sauti kubwa, kama anamwambia yule padri na wale wazee wa kahawa na kiwanda kizima: "Futi tano na inchi sita!"

Mjomba, nilihisi kama mtu aliyekuwa amevaa viatu vya mtu mwingine mwaka mzima na sasa amevivua. Nililia kidogo. Ukimwambia Jérémie nitakana.

Najua bado sijafika popote. Mwezi wa nane kuna kambi, na watakuwepo watu wa kilo mia wasiojua kwamba wao ni chupa ya molasi. Wanaweza kunirudisha nyumbani. Lakini watakuwa wamenirudisha mimi, wa urefu huu huu.

Nina swali, na kama hutaki usinijibu. Ulipokuwa kule, hukuwahi kuipiga ile pasi hata mara moja? Au ulipiga na hakuna aliyetazama? Bibi hajairudisha picha yako chumbani. Imebaki juu ya friji, na jana niliona amekata picha yangu gazetini ameichomeka pembeni ya fremu, usawa wa mikono yako. Kile kistari chako nacho, sasa nikienda friji nakipita tu bila kukitazama.

Msalimie sana Mkaza-mjomba Denise, na binamu yangu Océane, mwambie ile kofia yake aliyoisahau tunayo. Mama na Baba wanakusalimu. Mama anasema viatu amevirudisha kabatini visubiri harusi ya Océane. Bibi anakuombea kila usiku, na anasema Mungu akulinde barabarani, na kwenye moshi, na wewe ule mboga.

Ukija Krismasi tutamwagia maji uani mapema, barafu iwe tayari. Njoo na ile mikono yako, hata kama haifungi vifungo. Mabega unaweza kuyaacha huko.

Mpwa wako akupendaye, wa futi tano na inchi sita,

Mathéo