Nakala kwa Wahusika Wote

Mbagala, 2 Julai 2025

Mwanangu Cyprian,

U hali gani? Mie mzima, goti tu ndilo linatangaza mvua ambayo haiji. Nimekupigia mara mbili hupokei, nikaona nikuandikie barua pepe. Miaka thelathini ya masjala imenifundisha kwamba kilichoandikwa hakikanushiki.

Barua ya posa tunaipeleka Segerea Jumamosi ya tarehe 26, saa nne asubuhi. Nitakwenda mie na mshenga wetu, yule Mwishehe wa kazini kwako. Ndiyo, wawili. Na baba yake Bupe ameshamuuliza Mwishehe: "Huyo kijana ana watu gani?" Mzee Mwaisaka ni askari magereza mstaafu, akiuliza watu anataka idadi. Mwishehe akamjibu una shangazi. Mzee akaagiza chai, akainywa yote, akaondoka.

Sikufichi, naogopa atatukatalia. Tafuta hata watu wawili zaidi.

Shangazi yako,
Demetria


Manzese, 6 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Pole na goti. Mie mwili mzima, kichwa ndicho kinachoniuma.

Watu wa kupeleka Segerea nitawatoa wapi? Ninaowajua ni wa kazini, na kwa sasa wananichukia wote kwa usawa. Kampuni yetu ya samani imeungana na ile ya Buguruni. Sisi tuna programu yetu ya ofisi: ujumbe, kalenda, nyaraka, kila kitu humo. Wao wana ya kwao, na hizi mbili hazisalimiani. Tukiitisha kikao huku, kule zinafika alama za maswali tupu. Wiki iliyopita Buguruni wametengeneza makabati kumi na mawili ambayo mteja alishayakataa, kwa sababu taarifa yetu ilifika haisomeki.

Mkurugenzi anataka upande mmoja uhamie kwa mwenzake. Sista Jesca, mkuu wa ofisi ya Buguruni, amesema atahamia programu ya Manzese siku ya kuhamia kaburini. Wa kwetu nao wamejibu vizuri tu, atangulie. Mie fundi wa mitambo nimepewa hadi tarehe 20 niwapatanishe, la sivyo mkataba wangu hauongezwi.

Mwanao,
Cyprian


Mbagala, 8 Julai 2025

Mwanangu,

Hujambo? Umekula? Nauliza kwa sababu mtu aliyekula hawezi kushindwa na jambo dogo hivi.

Pale wizarani tulipokea barua kutoka kila mkoa. Mmoja kaandika kwa taipureta mbovu, mwingine kwa kalamu, mwingine kwa kompyuta. Hakuna aliyehamia kwa mwenzake. Kila barua ilikuwa na Kumb. Na., tarehe, Yah., na mwishoni nakala kwa wahusika wote. Karani wa Kigoma angeifungua ya Lindi gizani na bado akajua aguse wapi. Utaratibu ule haukuwa wa mtu, kila ofisi iliujua na hakuna aliyeombwa ruhusa kuutumia.

Ninyi mmesoma sana, huo utaratibu mliutupa wapi?

Shangazi yako


Manzese, 19 Julai 2025

Shangazi, shikamoo, na goti nalo shikamoo.

Nilichelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa nafanya ulichosema. Hatukuutupa, upo. Duniani watu wa kazi hii walishakubaliana mwaliko wa kikao uandikweje, na ujumbe usafiri vipi, ili programu yoyote iusome. Tunaviita viwango huria: vimeandikwa wazi na yeyote anaruhusiwa kuvifuata. Programu zetu zote mbili zinavijua, ila walioziweka walivizima, kila mmoja akitaka wateja wake wasitoke.

Nimeviwasha. Kila mtu kabaki na programu yake, kinachovuka katikati ndicho kinafuata utaratibu. Jana Monica wa Manzese kaitisha kikao, simu ya Sista Jesca ikalia Buguruni, saa ileile, mahali palepale. Sista Jesca akaandika "Nimeona." Ni neno lake la kwanza kwa Manzese tangu tuungane. Mkurugenzi amesaini mkataba wangu.

Hapo chini nakutumia mwaliko wa Segerea, nimeuandika kwenye ukurasa uleule niliojaribia mitambo. Bonyeza Nakubali, utaingia kwenye kalenda ya simu yako. Hayo majina ishirini na nane chini yake ni orodha yangu ya majaribio, watu wa ofisi zote mbili, usiyajali.

Mwanao,
Cyprian


Manzese, 24 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini hujambo. Mie sijambo kidogo tu.

Shangazi, ulibonyeza nini? Tangu asubuhi watu wananipa hongera. Ishirini na tatu wamekubali kwenda na wewe Segerea kuniposea. Manzese wanauliza sare ni rangi gani. Buguruni wameshachagua zambarau. Nimejaribu kuufuta, mtambo unasema mwenye kikao ni Demetria. Tafadhali ufute leo. Yule mzee alishamfukuza mchumba wa kwanza wa Bupe kwa sababu alileta kundi lenye ngoma. Akiona umati getini, mie nimekwisha.

Cyprian


Mbagala, 24 Julai 2025, jioni

Mwanangu,

Kwanza tulia, unywe maji.

Nilibonyeza Nakubali kama ulivyonielekeza. Kisha nikaona mwaliko hauna nakala kwa mtu yeyote, na chini yake kuna majina. Tangu lini barua ya maana kama hii ikatoka bila nakala? Nikawapelekea wote, jina moja moja, kwa kidole, jana kuanzia adhuhuri hadi magharibi. Nilidhani umesahau.

Nimekosa, na nimelia. Lakini kufuta siwezi. Watu wameshaaga majumbani kwao wanakuja kukuposea, mie niwaandikie wasije? Nitawaambia wasilete ngoma.

Shangazi yako


Mbagala, 27 Julai 2025

Mwanangu Cyprian,

Habari za tangu jana? Najua umenipigia mara kumi na nne. Jambo hili halisemwi kwa simu.

Tulifika saa nne kasoro. Wa Manzese wamesimama upande huu wa kichochoro, wa Buguruni upande ule na zambarau yao, hawatazamani. Mzee Mwaisaka akafungua geti. Akatutazama. Akasema, "Wawili wawili." Mwanangu, walipanga mstari, Manzese na Buguruni bega kwa bega, kwa kuwa nafasi haikuwaruhusu kuchagua. Akahesabu. Akarudia, kwa sababu Mwishehe alikuwa ametoka kununua maji.

Halafu akapita akiuliza mmoja mmoja, "Wewe ni nani wa kijana?" Monica akasema anafanya kazi nawe. Sista Jesca akasema, "Mie nilikuwa simpendi. Ila tangu atutengenezee ile kitu, sijatupa mbao." Mwingine akasema hakujui vizuri, ila kaona mwaliko, na mtu akikualika kwenye posa unakwenda.

Mzee akasema, "Nilimwambia mke wangu binti yangu haendi kwa mtu asiye na watu. Akiugua, nani atagonga mlango? Nimehesabu ishirini na watano." Akaipokea barua kwa mikono miwili. Majibu yanakuja kwa maandishi wiki ijayo, lakini mama yake Bupe ameshauliza tarehe.

Mie nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Nilijiandaa kueleza habari za kaka yangu Venance na mama yako, jinsi walivyotutoka, nami nikakuchukua ukiwa na miaka minne. Kila fomu yako, ya shule, ya hospitali, ya mkopo wa chuo, nimejaza "mlezi". Sikutaka kumnyang'anya marehemu mama yako neno lake.

Akanifikia. "Na wewe ni nani wa kijana?"

Nikamjibu mie ndiye mama yake. Hakuuliza tena. Kama nimekosea, niandikie uniambie.

Wako,
Mama