Suruali ya Ndugu Fabrice

La Rochelle, kusini mwa Afrika, Jumamosi, Julai 2017

Na bado nacheka. Mikono hii ya fundi imevalisha mabwana harusi wa nchi tatu, leo imevua tapeli!

Ndugu Fabrice, aliyewauzia akina mama wa kanisa letu hisa za mgodi usiokuwepo, alikuja kujaribu suti ya kukimbilia Ulaya. Alipovua suruali, nikaificha, nikawapigia simu akina mama hao.

Wakaingia wanane. Yeye kasimama na chupi, koti limejaa pini.

"Bwana asifiwe, ndugu," akasema Mama Neema, mjane aliyeuza nyumba yake Bukavu. "Mgodi wetu hajambo?"

Eish, alitetemeka! Baridi ya Julai ya huku kusini ilimla vizuri.

Mwisho nikampa suruali, mimi si mnyama. Pasipoti iliyokuwa mfukoni anayo Mama Neema, ndani ya sidiria. Aifuate huko.