Mama Mkwe Alivyonithibitishia Umri

Mdogo wangu Stella, salamu kutoka Bariadi, ambako jua linakaanga watu bila mafuta.

Jana mchana nilimtoroka mama mkwe sokoni, nikaingia grosari kutafuta bia ya baridi. Unajua tangu niolewe anaamini sigusi pombe. Muuzaji akanitazama juu hadi chini, na huu ufupi wangu, akasema, "Kitambulisho, binti. Hapa hatuuzii watoto."

Mimi, mwenye miaka arobaini! Kitambulisho nilikiacha nyumbani Nkololo, kwa hiyo nikavua kilemba nimwonyeshe mvi. Akadai ni rangi ya saluni.

"Mpe, bwana!" sauti ikatoka mlangoni. "Huyo ni mke wa mwanangu, kanizalia wajukuu wanne."

Kugeuka, ni mama mkwe mwenyewe, na dagaa wake kwenye kikapu.

"Mwadila, mayu," muuzaji akamwamkia Kisukuma kwa heshima. Akanifungulia bia, kisha akafungua ya pili. "Na hii yako ya siku zote."

Mama akavuta kiti karibu nami, akapiga funda refu. "Mume wako asijue," akaninong'oneza, "mimi nimeokoka."

Nimekukumbuka mno, mdogo wangu. Nibusie wanao.

Dada yako,
Agnesi